Je, "news" ni pande nne za dunia? Namna ya kupima asili ya maneno ya Kiingereza

Mwalimu mmoja wa Kiingereza katika shule ya sekondari ameniandikia kwamba wanafunzi wake humletea maelezo ya asili ya maneno wanayoyapata katika simu, naye hajui akubali lipi na akatae lipi. Wamemwambia kuwa "news" limeundwa kwa herufi za mwanzo za majina ya pande nne za dunia. Kuwa "golf" ni kifupisho cha tangazo la kuwazuia wanawake uwanjani. Kuwa "serendipity" ni jina la zamani la Sri Lanka. Na kuwa "magazine" na "hazina" ni ndugu. Anauliza ni yapi ya kweli, kama kuna njia ambayo mtu asiye mwanaisimu anaweza kuitumia kuyapima mwenyewe, na kama kujua asili ya neno kunamsaidia mwanafunzi kuelewa maana yake.

Mwalimu, mawili ya kwanza ni uzushi. La tatu ni kweli baada ya kurekebishwa kidogo, na la nne ni kweli kabisa, ingawa mtu anayeyasikia yote kwa mara ya kwanza angeweza kudhani kinyume chake, kwa sababu hadithi za kubuni hutungwa zikubalike haraka, ilhali historia halisi ya neno mara nyingi ina kona ambazo hakuna mtunzi angezifikiria. Kwa hiyo utamu wa hadithi hauthibitishi chochote. Kinachothibitisha asili ya neno ni maandishi yenye tarehe, yanayoonyesha neno hilo likitumika lini, wapi na kwa maana gani, pamoja na njia inayoweza kufuatwa hatua kwa hatua kutoka lugha moja hadi nyingine.

Tuanze na "news". Neno hili limetokana na "new", yaani "-pya", likiwa na alama ya wingi kwa maana ya "mambo mapya", na lilijitokeza katika Kiingereza kuelekea mwisho wa karne ya 14 kwa kuiga Kifaransa, ambacho kilikuwa na "nouvelles" lililoundwa vivyo hivyo. Waandishi wa zamani waliliandika kwa namna mbalimbali, "newes" ikiwa mojawapo, na tahajia hiyo peke yake inaiangusha hadithi ya pande nne, maana kifupisho hakiwezi kubeba herufi isiyosimamia kitu. "Golf" nalo limo katika sheria ya Bunge la Scotland ya mwaka 1457, wakati wa Mfalme James wa Pili, iliyopiga marufuku mchezo huo pamoja na mpira wa miguu kwa kuwa vijana walikuwa wakiacha mazoezi ya upinde ambayo ufalme uliyahitaji kwa vita. Sheria hiyo haikusema lolote kuhusu wanawake. Wanaisimu wengi huliunganisha neno hilo na "kolf" la Kiholanzi, ambalo ni rungu la kuchezea.

Hadithi hizi za vifupisho zinapendwa kwa sababu tunaishi katika zama za vifupisho. Sisi wenyewe tuna UKIMWI, BAKITA, TANU na vingine vingi tunavyovitamka kama maneno ya kawaida, na Waingereza wana "radar" la miaka ya Vita Kuu ya Pili na "laser" la mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini tabia ya kuokota herufi za mwanzo na kuzifanya neno linalotamkika ilikuwa adimu sana kabla ya karne ya 20, ikaenea kutokana na majeshi, idara za serikali na makampuni. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba neno ambalo lilikuwapo kabla ya mwaka 1900 lilianza kama kifupisho, shaka yako na itangulie, na anayedai ndiye aulizwe ushahidi. Hata "posh", neno la kuelezea mambo ya kitajiri, ambalo watu husema lilitokana na herufi zilizopigwa chapa kwenye tiketi za abiria wa meli za India waliopewa vyumba vya upande wa kivuli, limewashinda watafuta ushahidi, kwani hakuna tiketi hata moja ya namna hiyo iliyopata kuonyeshwa.

Hata hivyo kuna neno moja la karne ya 19 ambalo kweli lilianza kama kifupisho, nalo ni "OK". Tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston liitwalo Boston Morning Post lilichapisha herufi hizo kwa mzaha, zikisimamia "oll korrect", ambayo ni "all correct", yaani "yote sawa", iliyoharibiwa tahajia kwa makusudi. Ilikuwa mtindo wa vijana na wahariri wa mji huo kuandika vifupisho vya maneno yaliyokosewa, kama vijana wa leo wanavyochezea tahajia katika ujumbe wa simu, na vingi vya vifupisho hivyo vilikufa vikasahaulika. "OK" iliokolewa na siasa. Katika uchaguzi wa mwaka 1840 Rais Martin Van Buren, aliyezaliwa katika mji mdogo wa Kinderhook, jimbo la New York, aliitwa na wafuasi wake Mzee wa Kinderhook, na herufi za mwanzo za lakabu hiyo kwa Kiingereza, "Old Kinderhook", ni hizo hizo mbili, basi vyama vya wafuasi wake vikajiita kwa herufi hizo, na kelele za kampeni zikalisambaza neno nchi nzima. Mambo haya yalijulikana kwa uhakika katika miaka ya 1960 tu, wakati msomi wa Kimarekani Allen Walker Read alipopekua magazeti ya zamani moja baada ya jingine. Kabla ya hapo watu walishalitafutia neno hili asili katika lugha ya Wachoktaw wa Marekani, katika Kigiriki, katika Kiskoti na kwingineko, kila mmoja akitamani liwe na ukoo wenye heshima kuliko mzaha wa gazeti.

Unaona, basi, kwamba Read hakushinda kwa kuwa na hadithi nzuri zaidi. Alishinda kwa kuonyesha gazeti, ukurasa na tarehe. Huo ndio msingi wa kamusi kubwa ya kihistoria ya Kiingereza, ile ya Oxford, ambayo wazo lake liliibuliwa na Jumuiya ya Filolojia ya London mwaka 1857, ikapata mhariri imara, James Murray, mwaka 1879, ikatoa sehemu yake ya kwanza mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928, Murray akiwa amekwisha kufariki. Kazi ilifanywa kwa vipande vya karatasi. Wasomaji wa kujitolea walitakiwa wasome vitabu vya kila zama, na kila walipokutana na neno linalostahili waandike sentensi iliyolibeba, jina la kitabu na mwaka wake, kisha wapeleke kwa mhariri. Mmoja wa waliopeleka sentensi nyingi zaidi, William Chester Minor, alikuwa daktari mstaafu wa jeshi la Marekani aliyefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Broadmoor baada ya kumuua mtu London, akiwa na vitabu vyake chumbani na muda usiokwisha. Ukifungua kamusi hiyo leo utakuta chini ya kila maana mfululizo wa sentensi zenye miaka, kuanzia ya kale zaidi iliyopatikana, na mfululizo huo ndio unaoua hadithi nyingi za mitandaoni.

Kinga hii, hata hivyo, haikuzuia kila kosa katika ulimwengu wa kamusi. Kamusi kubwa ya Webster ya Marekani, toleo la mwaka 1934, ilikuwa na neno "dord", likielezwa kuwa na maana ya msongamano katika fizikia na kemia. Neno hilo halikuwahi kusemwa na mtu yeyote. Mhariri wa kemia alikuwa ameandika kwenye kipande cha karatasi kwamba herufi D, kubwa "au" ndogo, hutumika kama kifupisho cha msongamano; neno la Kiingereza la "au" ni "or", na mtu aliyefuata akaziunganisha herufi hizo nne kuwa neno moja. Liligunduliwa mwaka 1939, wakati mhariri mmoja alipoona kwamba lilikuwa halina maelezo yoyote ya asili. Ninakipenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba swali la wanafunzi wako, "neno hili limetoka wapi?", ndilo lililolifichua neno lisilokuwapo baada ya macho mengi ya kitaalamu kulipita.

Sasa nije kwa "serendipity", ambalo ni moja ya maneno machache ambayo tunajua hata siku yaliyoandikwa kwa mara ya kwanza. Horace Walpole, mwandishi wa Kiingereza na mwana wa Robert Walpole anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza, alimwandikia rafiki yake Horace Mann, mwanadiplomasia aliyekuwa Florence, barua ya tarehe 28 Januari 1754. Alikuwa amekutana, bila kutazamia, na nembo ya ukoo wa Capello katika kitabu cha kale cha nembo za Venice, akamweleza rafiki yake kwamba ugunduzi wa namna hiyo ameuundia neno kutokana na hadithi aliyoisoma ya wana watatu wa mfalme wa Serendip. Wana hao wa mfalme walikuwa wakisafiri na kila mara wakigundua mambo ambayo hawakuwa wakiyatafuta: mmoja wao, kwa mfano, alitambua kwamba mnyama aliyetangulia kupita njiani alikuwa chongo, kwa kuwa majani yalikuwa yameliwa upande mmoja tu wa njia, tena upande wenye majani mabaya. Hadithi yenyewe ilikuwa imechapwa Venice kwa Kiitaliano mwaka 1557, ikitokana na masimulizi ya Kiajemi, na Serendip ni namna ya Ulaya ya kuandika Sarandib, jina ambalo Waarabu na Waajemi walikiita kisiwa cha Sri Lanka, likitokana na jina la Kisanskriti lenye maana ya kisiwa cha Wasinhala.

Kwa hiyo mwanafunzi wako amekosea kidogo tu: neno lenyewe halikuwa jina la kisiwa, ila limefinyangwa kutokana na jina hilo. Kosa kubwa zaidi huwa katika maana. Wengi hulieleza kama bahati njema tu, na wapo wanaolitafsiri kwa "bahati ya mtende", nayo ni nusu ya jambo. Walpole alitaja mambo mawili pamoja, ajali na busara. Mnyama chongo alipita mbele ya wasafiri wengi, lakini aliyeyatazama majani akauliza kwa nini yameliwa upande mmoja ndiye aliyegundua. Neno hilo lilikaa kwa muda mrefu likijulikana na wachache tu wapenzi wa vitabu, na katika karne ya 20 wanasayansi waliokuwa wakitafuta jina la ugunduzi usiokusudiwa ndio waliolifufua.

Kuhusu "magazine" na "hazina", hapa naomba uniruhusu nikae kidogo, kwa sababu ni eneo ambalo msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo msomaji wa Kiingereza hana. Mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti kh, z na n unahusu kuweka akiba. Kutokana nao Waarabu wanalo "khazina", ambalo lilifika pwani yetu na kuwa "hazina", na wanalo "makhzan", yaani ghala, ambalo wingi wake ni "makhazin". Wafanyabiashara wa Bahari ya Kati walilichukua hilo la pili. Kwa Kiitaliano likawa "magazzino", kwa Kifaransa likawa jina la ghala na baadaye la duka, na Kiingereza kikalipokea katika karne ya 16 kwa maana ya ghala, hasa la silaha na baruti. Ndiyo maana sehemu ya bunduki inayokaa risasi inaitwa hivyo mpaka leo. Maana ya jarida ilitokana na matumizi ya kisitiari: waandishi wa karne ya 17 waliita vitabu vyao ghala la maarifa, na mwaka 1731 Edward Cave alipoanzisha London jarida lake, The Gentleman's Magazine, alilichagua neno hilo kwa kuwa jarida lilikusanya habari na makala kutoka kila mahali na kuzihifadhi pamoja. Baada yake majarida mengi ya Kiingereza yakaitwa jina hilo.

Undugu huo upo, lakini ni wa watoto wa ukoo mmoja waliolelewa mbali. Hakuna kati yao aliyemzaa mwenzake, na mtu atakayewaambia wanafunzi kwamba Waingereza walichukua "magazine" kutoka Kiswahili atakuwa ameongeza chumvi. Neno ambalo Kiingereza kilichukua kwetu kweli, na kamusi zao zinakiri hivyo, ni "safari", lililoingia katikati ya karne ya 19 kupitia wasafiri kama Richard Burton walioanzia pwani kwenda bara pamoja na misafara ya wapagazi. Nalo lilikuwa limetufikia kutoka Kiarabu. Huko ugenini lilipunguzwa maana, kwanza likawa la wawindaji na baadaye la watalii wa wanyama, ilhali kwetu hata anayekwenda mazishini kijijini kwao yuko safarini.

Kuna jozi nyingine za aina hii ambazo darasa lako litazifurahia. "Tariff", orodha ya ushuru au ya bei, limepitia Kiitaliano kutoka Kiarabu "ta'rif", tangazo au ujulisho, na mzizi wake ndio uliotupa "taarifa", "arifu", "maarifa" na "maarufu". "Zero" na "cipher" yote mawili yametoka katika neno moja, "sifr", yaani tupu, ambalo kwetu ni "sifuri". Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kama Fibonacci, alilitia katika Kilatini kama "zephirum" katika kitabu chake cha hesabu cha mwaka 1202, nalo likafupishwa na Waitaliano kuwa "zero". Kwa njia nyingine likawa "cifra" na kisha "cipher", ambalo lilianza kwa maana ya sifuri, likawa la tarakimu yoyote, na hatimaye likahamia kwenye maandishi ya siri, kwa kuwa siri nyingi ziliandikwa kwa tarakimu badala ya herufi.

Lakini jozi ninayoipenda kuliko zote ni "monsoon" na "msimu". Kiarabu "mawsim" kina maana ya wakati uliowekwa alama, majira maalumu ya jambo fulani, na kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi jambo lenyewe lilikuwa kusafiri. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, ikiyaleta majahazi kutoka Uarabuni na India hadi pwani ya Afrika Mashariki, na kusi huvuma kuanzia Aprili na kuyarudisha. Anayekosa wakati wake hungoja miezi. Wareno walipoingia katika bahari hii mwaka 1498 walikuta ratiba hiyo imekwisha kupangwa na upepo na kuitwa jina, na Vasco da Gama mwenyewe alivuka kutoka Malindi hadi Calicut kwa msaada wa rubani aliyempata Malindi. Wareno wakalichukua jina la majira hayo na kuliita "monção", Waingereza wakalipata kwao, kwa kupitia pia Kiholanzi, mwishoni mwa karne ya 16, na hapo neno likaanza kuteleza: kutoka majira likawa upepo wa majira hayo, na kutoka upepo likawa mvua ambayo upepo huo huileta India. Leo Mwingereza wa kawaida akilisikia anafikiria mafuriko ya Mumbai. Kiswahili kimelibakiza karibu na maana ya mwanzo, na ndiyo maana tunaweza kusema msimu wa korosho, msimu wa watalii, hata msimu wa ligi, bila tone la mvua.

Baada ya kuonja jozi hizi wanafunzi wataanza kuona undugu kila mahali, na hapo ndipo unapopaswa kuwashika mkono. Kufanana kwa sauti na maana si ushahidi wa kutosha. Kiajemi kina neno "bad" lenye maana ya "-baya", sawasawa na "bad" la Kiingereza, na maneno hayo hayana uhusiano wowote wa kihistoria. Katika Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Queensland huko Australia, neno la mbwa lilikuwa "dog", mwanaisimu R. M. W. Dixon alionyesha kwamba limetokana na neno refu zaidi la lugha za jirani, "gudaga", kwa mabadiliko ya sauti ambayo Kimbabaram kiliyafanya pia katika maneno yake mengine, kabla Mwingereza yeyote hajafika huko na mbwa wake. La kushangaza zaidi ni kwamba "dog" la Kiingereza lenyewe halijulikani limetoka wapi. Wahenga wa Kiingereza walimwita mbwa "hund", kama Wajerumani wanavyosema hadi sasa; "docga" lilionekana mara chache mno katika maandishi yao, kisha baada ya karne kadhaa likamnyang'anya mwenzake nafasi, na hakuna aliyefanikiwa kuonyesha chanzo chake. Kamusi nzuri ikifika hapo huandika kwamba asili haijulikani, na kamusi inayokiri hivyo inastahili kuaminiwa kuliko ukurasa wenye jibu kwa kila neno.

Kwa hiyo tofauti kati ya "hazina" na "bad" ni njia. Kwa "hazina" tunaweza kutaja waliolibeba neno, bandari walizopita, umbo lake katika kila lugha na karne lilipoonekana. Kwa "bad" hakuna daraja la aina hiyo.

Wakati mwingine kona ya ajabu haihusu safari ndefu wala watu mashuhuri, inahusu masikio tu. "Apron", aproni ya mpishi, lilikuwa "napron", kutoka Kifaransa cha kale "naperon", kitambaa kidogo cha meza. Waingereza waliposema "a napron", sikio halikujua mpaka uko wapi, likasikia "an apron", na ile n ikahamia kwenye neno la mbele na kubaki huko. Ndivyo ilivyokuwa kwa "umpire", mwamuzi wa mchezo, ambalo lilikuwa "noumpere", asiye na mwenza, yaani mtu wa tatu anayeamua kati ya wawili. Na ndivyo ilivyokuwa, kwa kinyume, kwa "nickname", ambalo lilikuwa "an ekename", jina la nyongeza, likaiba n isiyokuwa yake. Wengi huongeza hapo "orange", wakidai kwamba nalo lilipoteza n yake katika Kiingereza, lakini tarehe zinakataa: Kiarabu kina "naranj" na Kihispania kimeibakiza n katika "naranja", ila n hiyo ilianguka katika Kifaransa na Kiitaliano kabla neno halijavuka kuingia Uingereza.

Mswahili haoni ugumu wowote kuelewa jambo hili, maana ndilo alilolifanya alipopokea "kitab" kutoka Kiarabu. Ile "ki" ilikuwa sehemu ya mzizi wenyewe, lakini sikio la Mbantu liliisikia kama kiambishi cha ngeli, likasema "vitabu". Baadaye alama ya barabarani ya Kiingereza iliyowataka madereva wapite kushoto ilitupa "kipilefti", na wingi wake "vipilefti". Ukianzia hapo, aproni haitakuwa na mafumbo tena.

Yapo pia maneno yaliyozaliwa na mtu mmoja bila yeye kutaka. Kapteni Charles Boycott alikuwa msimamizi wa mashamba ya bwana mwenye ardhi aliyeitwa Lord Erne katika wilaya ya Mayo, magharibi ya Ireland. Mwaka 1880, wapangaji wakidai kupunguziwa kodi na Umoja wa Ardhi wa Ireland ukiwa umewahimiza wawatenge wapinzani wao badala ya kuwadhuru, watu wa eneo hilo waliacha kumfanyia kazi, kumuuzia bidhaa na hata kuzungumza naye. Wavunaji wapatao 50 wa kujitolea waliletwa kutoka kaskazini wakilindwa na mamia ya askari, na gharama ya ulinzi ikazidi mno thamani ya mavuno yenyewe. Kabla mwaka haujaisha magazeti yalikuwa yakiandika jina lake kama kitenzi, na katika muda mfupi lugha nyingine za Ulaya zikalikopa. Sisi hatukulihitaji, kwa kuwa "kususia" na "kugomea" yalikuwapo.

Umeuliza kama asili husaidia kuelewa maana. Husaidia kukumbuka, na pengine husaidia kuona kwa nini maana mbili zilizo mbali zinakaa katika neno moja, kama ghala la risasi na jarida. Lakini haiwezi kuamua neno lina maana gani leo. "Nice" limetokana na Kilatini "nescius", asiyejua, na katika Kiingereza cha karne ya 14 kumwita mtu hivyo kulikuwa ni kumwita mjinga. Likapitia maana za kuchagua mno na za umakini wa hali ya juu, hadi katika karne ya 18 likawa sifa ya kupendeza. "Quarantine", tulilolipata kama "karantini", linatokana na neno la Kiitaliano la siku 40 ambazo meli zilizoshukiwa kuwa na tauni zilitakiwa kukaa nje ya bandari, wala mgonjwa anayetengwa kwa siku 14 hajatumia neno vibaya.

Kwa darasa lako ningependekeza zoezi moja. Waeleze hadithi maarufu kwamba meneja wa jumba la maigizo la Dublin, aliyeitwa Daly, aliweka dau mwaka 1791 kuwa angeingiza katika lugha neno lisilo na maana ndani ya siku moja au mbili, akawalipa watu waandike "quiz" kwenye kuta za mji mzima, na kesho yake kila mtu akawa analiuliza. Kisha waonyeshe kwamba mwandishi Fanny Burney alilitumia neno hilo katika shajara yake mwaka 1782, akimtaja mtu wa vituko, na kwamba maana ya maswali ya kupima wanafunzi ilikuja katika karne ya 19. Halafu waulize Daly alibuni nini.